Zita, Siku Ile Baba Alipokutetea Nyakisasa

Mwaka umetimia, Zita, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka. Bado Mama akisikia pikipiki inakata kona anatoka nje kuangalia kama ni wewe.

Tunakukumbuka ukiwa binti mdogo hapa Bukiriro, ukicheza kwenye harusi za watu usiowajua, mikono juu kama pembe za ng'ombe, mpaka bibi harusi mwenyewe anasahaulika. Ulipoacha chuo cha ualimu ukajiunga na kikundi cha ngoma Mwanza, Baba alikasirika sana.

"Mtu wa kujitingisha mbele ya umati si mtoto wangu," alisema.

Miaka saba hakusema nawe. Hata Mashimba alipoleta wazee wake kutoka Biharamulo kukuposa, walipokelewa na baba mdogo. Baba alishika jembe akaenda shambani. Wewe hukuweka kinyongo. Kila Pasaka ulimletea shati na sukari, ukamkabidhi Mama, ukaondoka kabla hajarudi.

Goti lako lilipoumia jukwaani, daktari alisema ngoma basi. Miezi minane ulikaa Biharamulo ukilia chinichini, Mashimba akikukanda kwa maji ya moto. Ndipo watengeneza filamu walipokuja kutafuta mwanamke wa kupita tu na ndoo kichwani, bila neno. Ulipita mara moja. Mwongozaji akasema, "Huyu anaongea kwa mabega." Filamu iliyofuata akakupa nafasi kubwa, ya mjane anayefukuzwa kwake.

Kipande cha kufukuzwa kilipigwa picha Nyakisasa. Alfonce, aliyeigiza shemeji yako, alikuwa anakuburuta na kutupa vyungu vyako nje. Baba alikuwa anapita na baiskeli akitoka mnadani. Kamera hakuiona. Alikuona wewe tu, uko chini mavumbini. Akaitupa baiskeli, akamchapa Alfonce fimbo mbili za mgongo.

"Muache mwanangu! Ana kwao huyu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe hukucheka. Ulipiga goti lile lile bovu.

"Shikamoo, Baba."

Akaishusha fimbo.

"Marahaba," akasema. Kisha, "Umekula?"

Tangu hapo alifika kila asubuhi mpaka kazi ikaisha, akikaa pembeni na kumwonya Alfonce, "Leo taratibu." Filamu ilipoonyeshwa Rulenge alikaa kiti cha mbele, na ulipotokea akawageukia watu: "Wangu huyo."

Mlipata miaka minne pamoja. Saratani ilipokulaza, ulikuwa unajifunza maneno ya filamu nyingine, ukakataa kuyaacha. Baba alivaa miwani, akawa anakusomea sehemu za wenzako wote pale kitandani, bwana harusi, polisi, hata bibi mchawi, akichanganya "l" na "r" mpaka manesi wanakuja kusikiliza. Ulikuwa unamsahihisha huku unacheka. Hukuwahi kuigiza filamu hiyo, lakini maneno yake uliyamaliza.

Juzi alikuwa anapukuchua maharage na mdogo wako Anneth, akasema, "Ile miaka saba niliitupa kwa kiburi changu. Ningerudishiwa hata mmoja, ningekaa tu nimsikilize anavyoongea." Waliendelea kupukuchua.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, hapa kigangoni Bukiriro. Baba mwenyewe amewaomba wasichana wa hapa kijijini wapeleke vipaji altareni wakicheza kama ulivyowafundisha. Kisha akamwendea katekista kumuuliza kama mzee wa miaka themanini anaruhusiwa kuingia nao kwenye mstari. Ameambiwa anaruhusiwa. Tangu jana anafanya mazoezi nyuma ya nyumba, akidhani hatumwoni.

Wanaokukumbuka ni baba yako Mzee Telesfori, mama yako Magdalena, mumeo Mashimba, mwanao Tecla, wadogo zako Anneth na Marcel, pamoja na ndugu na majirani wote wa Bukiriro na Biharamulo.

Hatutakusahau, Zita, maisha yetu yote.