Halua na Chokoleti Mbele ya Wakwe

Jumamosi, jioni. Mvua ya mchana imekatika, vilima vya upande wa Gikondo vinaonekana kama vimesuguliwa kwa brashi, na mkono wangu wa kulia hauwezi kuinua hata kikombe. Ninaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ninaandika hata hivyo, kwa sababu leo nimeshinda.

Sina mazoea ya kujisifu. Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa nikikata kwa wino mwekundu kila insha iliyojisifu. Leo ninajiruhusu.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mjukuu wangu Keza ataolewa mwezi ujao. Wasiojua, wajue sasa. Tumemlea mimi na bibi yake, Mama Claude, katika nyumba hii ya Kicukiro. Kamati ya harusi ilikwisha kuamua mambo yote makubwa: hema, wapiga picha, rangi ya vitambaa. Lilibaki moja, meza ya vitamutamu. Keza aliomba meza hiyo iwe na halua, na halua hiyo niipike mimi.

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwetu Rwanda mwanamume mtu mzima haingii jikoni, sembuse mzee mwenye mvi, sembuse mbele ya wakwe. Pwani mambo ni kinyume. Nilikulia Tanga, ambako baba yangu alikata mkonge katika mashamba ya watu, na nilipokuwa nikisomea ualimu nilipanga chumba kwa mpishi wa halua, Mzee Salum. Kule kukoroga halua ni kazi ya wanaume, kwa sababu inataka mabega. Jioni nilimpokea mwiko, akanifundisha, na sikuona ajabu yoyote. Ajabu niliiona niliporudi Rwanda.

Mama Claude hakunikataza. Alisema tu kwamba wakwe wakinikuta na mwiko mkononi, watasema nyumba hii haina wanawake, na aibu hiyo Keza ataibeba mpaka kwa mumewe. Maneno hayo yaliniingia. Kama halua yangu ingemletea mjukuu wangu dharau ukweni, ningelitupa wazo hilo siku ileile.

Aliyekataa waziwazi ni dada yangu mdogo, Odette. Yeye ameishi Ubelgiji miaka mingi, sasa amerudi na anakaa Kiyovu, na kwake kitamu ni kimoja duniani: chokoleti za Ubelgiji, zile ndogondogo zenye kiini laini, zilizopangwa katika boksi kama pete za sonara. Aliahidi kuleta boksi lake kubwa ili kamati na wakwe waonje na kuchagua. Halua, alisema, ni gundi iliyotiwa iliki.

Mtu hajibu neno kama hilo kwa maneno.

Ukweli ni kwamba chokoleti zake nazipenda. Nyumba yetu ni ya watu waliorudi kutoka nchi mbalimbali, na kila mmoja alirudi na ulimi wa kule alikokuwa. Mama Claude alikulia Uganda, na mpaka leo akihuzunika hutaka kabalagala, zile chapati nene za ndizi tamu, ziwe za moto na ziwe nyingi. Mwanangu Claude husafiri kikazi, na akipitia Uturuki huleta lokumu, vipande laini vilivyogaagaa katika sukari ya unga na kunukia waridi. Nimemwambia hicho ni kitamu cha mtu asiye na haraka. Mimi nina chokoleti nyeusi, chungu kidogo, inayotokana na kakao ya Uganda. Ninakula kipande kimoja baada ya chakula cha usiku, na ninafungua karatasi polepole ili Mama Claude asisikie. Husikia.

Chokoleti nyeupe siitambui. Hiyo ni sukari iliyovaa jina la mwenzake.

Lakini halua ni jambo jingine. Halua haitafunwi, inakuachia meno yako na kushughulika na ulimi. Nilitaka wageni wa Keza waijue.

Leo asubuhi, basi, nilikoka mkaa uani. Sufuria yangu ina kitako kinene, waliyeyusha vyuma na kuiumba mafundi wa karakana moja ya Gikondo baada ya kunieleza mara nyingi kwamba hakuna anayehitaji sufuria nzito namna hiyo. Wanga, sukari, maji, iliki, kungumanga. Samli hutiwa kidogo kidogo, na mwiko haupumziki, kwa maana ukiacha kukoroga halua hushika chini na kazi yote imekwenda. Mpango wetu ulikuwa wa busara: nimalize mapema, nioge, nivae suti, halafu wanawake waitoe kwenye sahani kana kwamba imejipika yenyewe.

Mpango huo uliharibiwa na mtu mwenye adabu ya kuwahi. Baba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Tharcisse, ambaye ndiye msemaji wa upande wao, alifika kabla ya wenzake. Akakuta gari la wauza viti limeziba lango la mbele, akapita mlango wa pembeni, akatokea uani.

Alinikuta nimekunja mikono ya shati na kujifunga kanga ya mke wangu kiunoni. Sikuweza kuuacha mwiko. Sikuweza kumpa mkono. Nilimwinamishia kichwa na kuendelea kukoroga, na mvuke ukawa unapanda kati yetu.

Aliitazama sufuria. Akaitazama kanga. Kisha akamgeukia Mama Claude, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi.

“Mama, hapa kwenu mwanamume akipika, mwanamke anafanya nini?”

Mke wangu alikuwa ameliogopa swali hilo wiki nzima. Alilitua sinia chini, akaweka mikono kiunoni.

“Anakula, Mzee.”

Mzee Tharcisse alianza kucheka tumboni kwanza, kicheko kikapanda mabegani, akalazimika kushika ukuta. Halafu akavuta kigoda na kuketi karibu na moto wangu, na alipoombwa aingie sebuleni alikataa katakata, akasema hajawahi kuona mkutano wa kamati wenye harufu nzuri namna hii. Kwa hiyo kamati nzima ilihamia uani.

Nilidhani mambo mazito yamekwisha.

Odette alifika akiwa amevaa vizuri, amelibeba boksi kwa mikono miwili. Hapa nieleze jambo. Nyumbani kwetu, na katika nyumba nyingi za mji huu, kitu kizuri kilichotoka nje ya nchi hakiliwi na wenye nyumba. Huwekwa katika kabati la vioo sebuleni, kikamngoja mgeni wa heshima. Odette alipoishi Ulaya chokoleti zililiwa siku zilipoletwa. Aliporudi alifuata desturi ya nyumbani. Boksi lile alilitoa Ubelgiji katika safari yake ya mwisho, akaliweka kabatini bila kulifungua, dirisha la magharibi likilipiga jua kila alasiri, ili wakwe wa Keza wawe wa kwanza kulionja.

Alilifungua mbele yao. Chokoleti zote zilikuwa zimepauka, zina vumbi jeupe, kama magoti ya mtoto aliyetoka kucheza.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Msichana mmoja wa kamati, rafiki yake Keza, akasema kwa sauti ndogo, “Shangazi, hii iko na ukungu.” Mzee Tharcisse aligeuza macho akatazama paa, kama afanyavyo mtu mstaarabu ili asishuhudie aibu ya mwenzake. Odette alibaki amelishika boksi.

Nilichohitaji kufanya ni kunyamaza tu. Halua ilikuwa karibu kuiva, inang'aa, na mshindani hakuwepo tena.

Lakini aliyesimama pale ni mtoto wa mama yangu, na walioketi ni wakwe zetu.

Nilisema kwa sauti ile niliyotumia darasani kwamba huo si ukungu. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu kwa sababu ya joto la kabati. Zangu hufanya hivyo kila mara, nami huzila na bado nipo. Nikamwambia Keza aniletee moja. Mikono yangu ilikuwa na kazi, kwa hiyo mjukuu wangu alinilisha mbele ya wakwe kama kifaranga. Niliitafuna yote. Ilikuwa na njugu ndani. Uzuri haukuwa umeondoka, ulikuwa umepoteza sura tu.

Ndipo nilipopata wazo. Samli ya mwisho ilikuwa bado bakulini. Hiyo ndiyo inayoifanya halua iachane na sufuria. Sasa chokoleti nayo si ina mafuta yake?

“Odette,” nikasema, “lete boksi.”

“Kaka, utaziharibu.”

“Machoni mwao zimekwisha kuharibika. Lete.”

Alileta. Niliitoa sufuria juu ya mkaa, kwa maana moto mkali huunguza chokoleti, nikamwambia azidondoshe moja moja mwenyewe. Mwanzoni niliogopa kweli. Mchanganyiko ulikatika, mafuta yakajitenga, mabonge yakatokea, na nikaona vitamu vya nchi mbili vinakufa katika sufuria moja. Mama Claude alifunga macho. Nilikoroga kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na hapo ndipo mkono huu ulipokufa. Kisha, bila kutangaza, vyote vikakubaliana. Halua ikawa nyeusi, laini, inang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, ikajibandua yenyewe pembeni.

Tuliiacha ipoe kidogo. Mzee Tharcisse alionja wa kwanza. Ulimi unapokea kakao, iliki inafuata, halafu njugu za Ubelgiji zinavunjika katikati ya ulaini wa Tanga. Alinyoosha sahani aongezwe. Baada ya hapo kamati ilisahau ajenda.

Nilimkuta Odette akikwangua sufuria kwa kijiko. Nilimuuliza kwa upole gundi ina hali gani. Akajibu bila kuinua kichwa, “Kaka, nikimaliza ndipo nitakujibu.” Baadaye aliomba siku ya harusi tupokezane mwiko, na boksi jipya atalileta bila kulipitisha kabatini.

Uamuzi aliutoa Mzee Tharcisse, na kamati iliupokea kwa makofi. Halua hii itakuwa katikati ya meza. Itapikwa palepale hemani, wageni wakitazama, na mpishi atakuwa babu wa bibi harusi akiwa na kanga yake kiunoni. Kabalagala na lokumu zitakaa pembeni kwa heshima zao. Mama Claude amekwisha kuchagua kanga. Anasema ile ya leo ni ya kuvalia jikoni.

Keza hakuwa amesema neno wiki nzima, asije akaonekana anachagua kati yangu na Odette. Leo, wakwe walipokuwa wakiaga, Mzee Tharcisse alimwita mbele ya watu wote akamwambia, “Mwanangu, kwetu jiko lipo. Mumeo naye aje afundishwe.” Keza alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Kijana huyo anakuja kesho baada ya ibada. Mkono wangu haufai kitu, kwa hiyo nitaketi kwenye kigoda nami nimsimamie. Atanawa, atakunja shati, atafungwa kanga, na hatauacha mwiko mpaka nimwambie.