Mama, Mti Wako Hauna Laana

Mama,

Shemeji yako atanitia wazimu. Nilikuja Bwera nipumzike kidogo kutoka kazi yangu ya kufundisha biolojia kule Kasese, badala yake nimeshinda wiki nzima nikigombania mti mmoja wa kahawa. Ule wako wa nyuma ya jiko, uliobaki umesimama wakati ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza shamba lote.

Yalianzia kwenye msiba wako. Unajua desturi yetu, siku za kilio hakuna anayeshika jembe. Baba mdogo Baluku akaogopa kwamba wezi wataingia shambani sisi tukiwa tumekaa tunalia, basi akauchuma mti wako upesi upesi, kahawa ikiwa bado kijani kabisa! Angeiuza ningenyamaza. Lakini alichagua punje kubwa kubwa, akazipanda kitaluni ili tupate miche ya kukukumbuka. Tukamwagilia, tukangoja, haikuota hata moja. Sasa ndugu wote wanasema umeondoka na kinyongo, umefunga mbegu. "Hii muti iko na laana," anasema Baba mdogo. "Tukate, tuchome."

Nilijaribu, Mama. Niliwaeleza niliyosoma Kampala: ndani ya mbegu kuna kiinitete, yaani mmea mchanga, na kuna chakula kinachokizunguka, na pande hizo mbili hutumiana protini. Seli huzitoa nje, zikavuka kwenda upande wa pili kupeleka habari: kua hivi, ngozi yako hapa bado haijafunga, ifunge. Ukichuma kahawa kabla haijaiva, unawakatiza wakiwa bado wanazungumza, na mbegu haiwezi kuota. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Walipoona nimenyamaza, wakaitikia, "Amina."

Wewe angalau uliuliza. Nakumbuka ulikuwa unapepeta maharage, nikakueleza haya haya, ukacheka mpaka maharage yakamwagika. "Yaani umesoma miaka yote hiyo kujua mutoto iko nanyonya?" Nilinuna siku ile. Leo natamani unitanie tena, hata mara moja tu.

Jumamosi Baba mdogo alitoka na panga. Juu kabisa, mahali ambapo mkono wake haukufika, yalikuwa yamebaki matunda machache, yameanza kuwa mekundu. Huo mti ukianguka, hatuna mbegu nyingine yako popote. Nikasimama mbele yake, maneno yote ya chuo yameniishia mdomoni, nikasema: "Mama alinijia ndotoni. Amekataza mti usiguswe mpaka kahawa iive."

Akaliweka panga chini hapo hapo. "Si ungesema mapema?" akanung'unika, akaenda kutafuta miiba ya kuuzungushia.

Nina hasira, Mama. Masomo yangu yote hayakuokoa hata tawi moja, halafu ndoto ya kutunga imeokoa mti mzima! Na sasa kila asubuhi wananiuliza kama umesema neno jingine.

Pumzika, Mama. Naahidi matunda hayo nitayachuma mwenyewe yakishaiva sawasawa, nitayapanda, na mche wa kwanza nitaupeleka kaburini kwako. Ila na mimi nakuomba kitu. Tangu tukuzike sijakuota hata usiku mmoja. Njoo basi, hata kama ni kunigombeza kwa uongo niliokusingizia.

Binti yako,
Masika