Kwako Bwana Tulia: Kiti Kimetoka Vizuri

Familia inakutangazia rasmi, na kupitia kwako inawatangazia ndugu, jamaa, majirani na wateja wote wa zamani, kwamba kifuniko cha ile lenzi kubwa ya shaba, kilichodhaniwa kupotea, kimepatikana. Kilikuwa jikoni kikifunika kopo la chumvi, kazi ambayo kimeifanya kwa uaminifu mwaka mzima bila mtu kukitambua. Inaaminika kwamba uliyekiweka pale ni wewe mwenyewe, katika wiki yako ya mwisho, baada ya kifuniko halisi cha kopo kuvunjika. Kilienea sawasawa. Hilo halikumshangaza yeyote aliyekufahamu.

Mwaka mmoja umetimia tangu ulipokohoa mara moja, ukaomba dirisha lifunguliwe, na usiombe kitu kingine tena. Familia haina ushahidi kwamba waliotangulia husoma matangazo ya kumbukumbu. Hata hivyo, kwa kuwa ulikuwa na desturi ya kuyasoma yote, hata ya watu usiowajua, na kuyalaumu kwa sababu ya picha zake, imeonekana ni busara kuchukua tahadhari. “Mtazame huyu,” ulizoea kusema, gazeti likiwa juu ya chai. “Kafa mara moja, mpiga picha kamuua mara ya pili.”

Utaona kwamba juu ya tangazo hili kuna picha ya kiti. Maelezo yake ni haya.

Wengi waliokufahamu walikufahamu wakiwa wamekaa. Walikaa mbele ya kamera yako kubwa ya mbao, yenye ngozi iliyokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, na wewe ukiwa chini ya kitambaa cheusi, miguu tu ikionekana, na sauti moja ikitoka: “Tulia.” Mtaa ukakubatiza hivyo. Kwenye kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera hiyo kila mtu huonekana kichwa chini miguu juu, na hivyo ndivyo ulivyomwona mkeo kwa mara ya kwanza, alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Husimulia kwamba ulitoka chini ya kitambaa, ukasema, “Dada, kola imepinda,” ukarudi ndani. Hakuna mwanamume, anasema, aliyewahi kumtazama kwa makini kiasi kile kisha akasema maneno machache kiasi kile. Alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama picha zimekuwa tayari, akijua fika kwamba bado.

Kisha filamu zile pana, za ukubwa wa daftari, zikaadimika madukani, na mwishowe zikakoma. Wenzako wa kazi walikuwa na kamera kama yako. Mmoja aligeuza ya kwake kinara cha maua. Mwingine aliwapa watoto wachezee, nao wakaichezea mpaka ikaisha. Wewe ulichukua kile kisanduku cha nyuma cha kamera nyingine iliyokwisha kufa, kinachoshika filamu ndogo ya kuviringishwa, ambayo ilikuwa bado inapatikana, ukaamua kukipachika kwenye mgongo wa kamera kubwa. Fundi wa kwanza alikuambia haiwezekani. Wa pili alikuambia vivyo hivyo. Wa tatu alikuambia ni upuuzi. Uliwashukuru wote, ukaenda nyumbani kutafuta ubao.

Ubao ulitoka kwenye meza ya kujipambia ya mkeo. Aliporudi kutoka sokoni alikuta vitana, pini na mafuta yake vimepangwa kitandani kwa unadhifu wa kutisha.

“Bwana wee, droo yangu iko wapi?”

“Imepata kazi.”

“Na vitu vyangu je?”

“Droo zilikuwa tatu, mke wangu. Hiyo moja ilikuwa haina mpango.”

Meza hiyo ingali na pengo lake mpaka leo. Mkeo huwaonyesha wageni pengo hilo kabla hajawaonyesha picha za harusi, na hulionyesha kidevu kikiwa juu.

Roli ya kwanza ilitoka na mchirizi mweupe toka juu hadi chini, kana kwamba bibi harusi amepigwa na radi. “Mwanga ni kama panya,” ulisema, ukibandika mahameli nyeusi kwenye kingo za ubao. “Ukimwachia upenyo wa unyasi, ataingia yeye na ukoo wake.” Roli ya pili ilikuwa na mchirizi mwembamba. Ya tatu ilikuwa safi, na yule fundi wa tatu alikuja kupigwa picha ndani yake, amevaa koti. Hukumkumbusha neno lolote. Familia inalitaja hili kwa sababu si kila mtu angeweza.

Likabaki tatizo la lenzi. Ile ya shaba, ambayo kwenye filamu pana ilimeza harusi nzima pamoja na keki, kwenye filamu ndogo ilimchukua bibi harusi peke yake, kwa kuwa filamu ndogo huona katikati tu ya kile ambacho kioo kinaona. Ya shaba ukaiachia nyuso za mtu mmoja mmoja. Kwa ajili ya makundi ulitafuta lenzi fupi ya kamera ya kukunja, na ngozi ilipokataa kusogea karibu vya kutosha, ulichonga ubao uliozama ndani kama sahani, ukaipachika humo. Mwisho ukachukua penseli na kuchora mstatili mdogo katikati ya kile kioo cha ukungu. “Kilicho ndani ya mstari kimo,” ulimfundisha kitindamimba wako, binti aliyeurithi ufundi. “Kilicho nje, kirudi nyumbani.”

Hakuna ukuta wa sebule mtaani humu usio na kazi ya mikono yako. Ulimpiga mfagia barabara kwa subira ileile uliyompigia meneja wa benki, na aliyeambiwa ashushe kidevu ni meneja. Mteja aliyetaka apunguzwe unene ulimwambia kwamba kamera haijui kusifu wala kusengenya, akalipuka kwa hasira, akaenda, akarudi. Aliyependelea kupigwa pembeni ulimpiga pembeni. Ulizisuuza picha zako kwa maji mengi mpaka majirani wakanung’unika, na ndiyo maana picha za wapiga picha wengine zimepauka na zako bado ni nyeusi palipo peusi.

Jambo moja tu hukulifanya: hukusimama mbele. Picha yako pekee ni ile ya kitambulisho, iliyopigwa ofisini na mtu aliyekuwa na haraka, ambayo wewe mwenyewe uliiita kashfa. Familia isingethubutu kuitumia hapa.

Sasa tufike kwenye kiti. Miezi michache iliyopita kaka yako mkubwa, karani mstaafu wa mahakama, alimtembelea mkeo akiwa na pendekezo kuhusu kamera.

“Shemeji, kitu hiki kisiozee humu ndani. Hoteli ile mpya inatafuta vitu vya kale vya kupamba mapokezi. Watakiwekea hata taa yake.”

“Kitakuwa kinapiga picha huko?”

“Hapana. Kitakuwa kinatazamwa.”

“Kukaa bila kazi na kutazamwa,” alisema mkeo. “Si ungejipeleka wewe, shemeji? Umestaafu, na mvi unazo.”

Kaka yako alisema matusi ya shemeji hayahesabiwi, akaomba chai nyingine. Alipoimaliza, alisimama na kutamka masharti: siku ya kukukumbuka, kamera ipige picha ya familia nzima. Ikitoka vizuri, ibaki kazini mikononi mwa binti yako. Isipotoka, iende hotelini. Mkeo alikubali palepale, bila kumuuliza binti kama inawezekana. Hakuwa na shaka. Filamu iliyosalia ilikuwa roli moja, kwenye friji, nyuma ya siagi, mahali ulipoiacha.

Asubuhi ya siku yenyewe, alipokuwa akitia chumvi mbogani, mkeo akakitambua kifuniko. Alikichukua kama ishara kwamba picha ipigwe kwa lenzi ya shaba, isiyo na kifungo wala kitasa, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa kifuniko hicho tu. Familia kwa kawaida haikubali ishara, lakini haikuwa siku ya kubishana. “Itabana, mama,” alisema binti. “Ila nikirudi nyuma mpaka ukutani, nadhani itatosha.”

Mkeo akaibeba kamera hadi uani akaisafisha. Shaba aliing’arisha kwa majivu na ndimu. Ngozi aliipaka mafuta kidogo. Kwenye kioo cha nyuma alikuta mistari ya kijivu, akaisugua kwa sabuni na kitambaa laini mpaka ikatoka yote. Alijisikia, kwa maneno yake, kama mtu anayemvisha mumewe shati safi. Wewe umeshaelewa. Familia ilichelewa.

Kaka yako ndiye aliyepanga watu. Kiti chako, kile cha wateja ambacho wewe ulikikalia wateja wasipokuwapo, aliamuru kiwe katikati, asikikalie mtu, na wala asisimame mtu nyuma yake, isije ikaonekana kwamba nafasi imechukuliwa. Ukoo ukagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto. Mkeo alikaa kwenye kigoda kando ya kiti na kuweka mkono wake juu ya egemeo. Binti akaingia chini ya kitambaa, na kioo kilikuwa kinang’aa kuliko alivyowahi kukiona.

“Wote mmo!” alipaza sauti. “Hata viatu vya baba mkubwa!”

“Vimepigwa rangi,” alisema kaka yako, bila kugeuza shingo.

Akatoa kioo, akapachika kisanduku cha roli, akashika kifuniko. “Tulia… tulia… asante,” alisema, kwa mwendo wako uleule, na katika historia ya ukoo huu haijawahi kutokea kwamba watu wengi kiasi hicho wasipepese macho kwa pamoja. Akarudia mpaka roli ikaisha.

Siku ya pili yake, baada ya kusafisha filamu, binti alitoka chumba cha giza na kuiinua kwenye mwanga wa mlango wa jikoni. Aliipitia picha moja moja, kisha akaanza upya.

“Mama, kile kioo ulikisafisha?”

“Nilikisafisha. Hukuona kilivyong’aa?”

“Na mistari?”

“Mistari ipi? Ule uchafu wa penseli?”

Binti yako alikaa kizingitini. “Haukuwa uchafu, mama. Ule ulikuwa ndio mpaka, nami mng’ao ulinisahaulisha.”

Mwiko ukasimama sufuriani. “Tumekatwa?”

“Wote.”

“Kabaki nani?”

“Kiti. Na mkono wako, mpaka hapa kwenye kifundo.”

Mkeo aliiona hoteli, akaiona na taa yake. Kisha akasema, “Nichapie. Kubwa.”

Ndiyo hiyo iliyo juu. Tunaomba uitazame kwa jicho lako la kulaumu, kwa sababu halitapata kazi. Nyuzi za mbao zinahesabika. Kwenye egemeo la kulia rangi imelika, umbo la kiwiko, na kiwiko hicho hakikuwa cha mteja, kwani wateja uliwaambia waweke mikono mapajani. Mto wa kiti una bonde lililokataa kuinuka mwaka mzima. Familia haiamini mizuka. Inaamini sponji.

Mkeo aliiweka mbele ya kaka yako bila kutangulia na udhuru wowote.

“Shemeji, hapa hakuna mtu.”

“Wewe hukuishi naye.”

“Nilizaliwa nyumba moja naye!”

“Basi angalia vizuri. Miaka yote alikuwa nyuma ya kitambaa. Ukiacha ile kashfa ya kitambulisho, hii ndiyo picha yake ya kwanza, na kaipiga kwa kamera yake, kwa mgongo aliouchonga kwenye droo yangu. Niambie kama imetetereka popote.”

Kaka yako alivaa miwani. Alianza na miguu ya kiti, akapanda polepole, akafika kwenye egemeo, akaisogelea ile alama ya kiwiko. “Haijatetereka,” alisema hatimaye. Halafu akaomba nakala moja, kwa ajili, alieleza, ya kumbukumbu za kikao. Imeonekana ikining’inia chumbani kwake.

Wanaokukumbuka leo, na ambao hawana mpango wa kuacha, ni hawa, kutoka kushoto kwenda kulia: kaka yako mkubwa, haonekani, dada yako mshonaji, haonekani, pamoja na gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, mwanao wa kwanza, dereva wa lori, haonekani, mkeo, unaonekana mkono, wakwe zako na wajukuu wote, hawaonekani, na kitindamimba wako, ambaye asingeonekana kwa vyovyote, kwa kuwa alikuwa amesimama pale ulipokuwa ukisimama wewe.

Kikao cha familia, chini ya uenyekiti wa kaka yako, kimeamua yafuatayo: kwamba picha imetoka vizuri, kwamba familia haikutoka, kwamba wote waliosimama nje ya mstari wahesabiwe kuwa wamo, kwamba, kwa kuwa masharti yametimizwa na vilevile hayakutimizwa, kamera isiende hotelini wala isitamkwe kuwa kazini hadi kumbukumbu ya mwaka ujao, ambapo itapiga tena picha ya familia nzima, endapo filamu itapatikana, kwamba mistari ichorwe upya, na mkeo asikiguse kioo, na kwamba kifuniko kirudishwe kwenye lenzi mara moja. Kuhusu kopo la chumvi, kikao kiliahirishwa kabla ya kulifikia.