Nyuma Yangu Hakuna Upepo

Nyumbani,
mezani kwa mama, chumba cha mbele.
Jumapili asubuhi, katikati ya mapumziko ya msimu.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na hao wakubwa wa hoteli wameshakutoa kwenye pasi za shuka kama walivyokuahidi. Kama bado wanakuzungusha, nikifika nitakwenda kusema nao mwenyewe, na safari hii sitakuwa mpole. Binti yako hajambo? Bado anapika ile chai isiyo na sukari na kusema ni kwa ajili ya afya yangu? Mwambie huku nakunywa yenye vijiko vitatu na sijafa.

Sisi hatujambo. Mama mzima, sauti yake unaijua, ukitega sikio huenda unaisikia mpaka huko. Baba naye mzima, isipokuwa kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea, ambacho ukimwambia aende hospitali anakujibu kwamba ni vumbi tu. Nyumba iko vilevile. Geti jipya amelitengeneza yeye mwenyewe, zito, likifunguliwa mtaa mzima unajua nani ametoka.

Ulisema jambo letu nisikueleze kwa simu, kwa sababu simu huwezi kuirudia kuisoma. Basi nimekaa naandika. Najua kinachokunyima usingizi ni lile neno ulilompa baba siku uliponichukua: misimu mitatu, na nisiposhinda hata shindano moja, utanirudisha kwa mkono wako mwenyewe nikashike kazi karakana kwake. Misimu mitatu imekwisha. Sijashinda hata moja. Na timu inataka nisaini miwili mingine. Mkataba nilikuja nao ndani ya begi, na nilikuahidi kwamba bila ridhaa ya baba sitautia saini. Ahadi hiyo nimeishika.

Lakini ngoja kwanza nikusimulie mapumziko yenyewe, maana nilidhani nimekuja kupumzika.

Kocha alinipiga marufuku kugusa baiskeli mpaka mwili usahau uchovu wa msimu. Sasa hilo huku nani ataelewa? Kijana mzima anaamka jua limeshapanda, anakula, analala tena, baiskeli imetundikwa ukutani kama picha ya harusi. Wiki ya kwanza mama alisema nimechoka na safari. Wiki ya pili akaanza kunigusa paji la uso. Wiki ya tatu nikamsikia uani anamnong'oneza jirani kwamba nimefukuzwa kazi, ila naona haya kusema. Kunong'ona kwa mama unakujua, nilikuwa chumbani na mlango umefungwa na sikukosa hata neno.

Akaja kuiona miguu yangu. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayemhoji mgonjwa, kama huko mnakoishi kuna maradhi ya kunyonyoka vinyweleo. Nikamweleza kwamba waendesha baiskeli wote tunanyoa miguu, ili tukianguka kidonda kisafishike kwa urahisi. Akasema, "Kwa hiyo mnajitayarisha kuanguka kabisa." Halafu akayaona mapaja, jinsi yalivyo na rangi moja hadi pale kaptula inapoishia na kuanzia hapo kwenda chini nimeungua, mweusi ti. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo wasiwasi wa ugonjwa ulimtoka.

Na mimi mwenyewe, Shangazi, nimeshazoea maisha haya ya kuwa na miswaki miwili, mmoja kwako na mmoja huku. Kwako majirani wananiuliza narudi lini kwetu. Huku wananiuliza naondoka lini. Zamani maswali hayo yalikuwa yananichoma. Siku hizi nawajibu wote, "Bado nipo kidogo," na kote ni kweli.

Swali lililobaki gumu ni moja. Kila anayeingia hapa, akishasalimia na kuketi, anauliza nimeshinda mara ngapi. Nami nasema sijashinda. Mtu anatazama dari, mama analeta chai.

Wewe kazi yangu unaijua, umezifua jezi zangu na kuona jinsi zinavyochafuka kwa mbele tu. Nikaamua kuwaeleza baba na mama vizuri. Nikasema katika timu kuna kinara, na mimi ni msaidizi wake. Mimi natangulia, upepo unanipiga kifuani, yeye amejibanza nyuma yangu nguvu zake hajazigusa. Tukikaribia mwisho nasogea pembeni, yeye anachomoka, anashinda. Mimi nafika baadaye, miguu haina hata nguvu ya kuteremka, na siku hiyo nimefanya kazi kupita wote. Na mimi, Shangazi, ni hodari wa kazi hii. Nasema bila haya. Wapo wasaidizi wawili au watatu katika kundi zima wanaoweza kukaa mbele kwa muda ninaokaa mimi, na wote wanalipwa kunizidi, jambo ambalo huo mkataba mpya utalirekebisha.

Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwa hiyo unalipwa ushindwe."

Akanyanyuka akaenda kulala. Kumbe alikuwa ameshaninunulia miwani ya kuchomelea na glavu za ngozi, mpya, saizi yangu. Asubuhi nilizikuta juu ya kabati la sebuleni, zimewekwa mahali ambapo nikitaka chochote lazima nizione.

Hapo ndipo likaja shindano la mtaa. Wauza baiskeli wa sokoni waliliandaa, raundi kadhaa kutoka sokoni hadi kwenye kiwanda cha matofali na kurudi, zawadi ni tangi la maji la plastiki, lile kubwa. Kocha angesikia angenimeza, lakini muda wa marufuku ulikuwa umekaribia kwisha, nami nikaona jibu limejileta lenyewe. Nishinde mara moja mbele ya macho ya baba, neno lako litimie, tumalize. Mama alishachagua pembe ya uani ya kuliweka tangi, na matofali ya kulikalisha alishayapanga.

Baba alifunga karakana. Huyo baba ambaye hata homa haimfungishi karakana. Alikuja na mafundi wake na wateja wake, hata mwenye duka la vyuma, wakasimama kwenye mstari wa kumalizia, yeye mbele, amevaa shati la kwenda msibani na harusini.

Washindani wenzangu nilikuwa nao kama mtu anayecheza na wadogo zake. Raundi ya mwisho nikaongeza mwendo, wakapukutika mmoja mmoja, akabaki mmoja tu nyuma yangu: yule jamaa anayesambaza mikate madukani, mwenye baiskeli ya kreti kubwa nyuma. Siku hiyo kreti alikuwa ameifungua na kuiacha. Ana miguu, sikufichi. Tukaingia njia iliyonyooka ya mwisho, mimi mbele, yeye amenigandia. Nikachungulia chini ya kwapa, nikaliona gurudumu lake liko pale pale panapotakiwa. Na mwili wangu, Shangazi, haukuniuliza. Nilisogea pembeni, nikatikisa kiwiko kumwonyesha njia, na nadhani mdomo wangu ulisema, "Haya, nenda."

Akaenda. Angefanya nini? Akashinda kwa urefu wa baiskeli moja, na alipovuka alinigeukia akinitazama kana kwamba nimemkosea.

Mimi mwenyewe nilielewa nilichofanya breki zilipokuwa zimeshashikwa. Misimu mitatu nimefanya kitu kilekile, mwili umekariri. Nilicheka peke yangu, nitafanyaje. Lakini nilipoinua macho, baba alikuwa ameona. Wengine walidhani pumzi zimeniishia, na wale wenye midomo yao walisema nimehongwa mkate. Baba alikuwa ameona kiwiko. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Umempisha?" Nikasema nimempisha. Akaondoka na mafundi wake, akaenda kufungua karakana jioni ile ile.

Tangi likaenda kwa msambaza mikate. Mama hakusema na mimi siku nzima, na kwa mama huo ni ugonjwa mkubwa. Jamaa wa mikate, Mungu ambariki, anatuletea mikate miwili kila asubuhi na hataki kulipwa, na mama anaila akiwa amenuna.

Miwani na glavu zikashuka kutoka kabatini zikaja mezani, mahali pangu pa kulia. Nikaelewa. Nami sikutaka kubishana na baba, Shangazi. Neno ni neno, tena si langu peke yangu, ni lako. Nikamwambia Jumatatu nitakwenda naye kazini. Moyo uliniuma, sikatai. Lakini usidhani nilikuwa nimekata tamaa. Nilijua kitu ninachokijua, ila sikujua namna ya kukiweka mkononi mwake akishike.

Jumatatu yenyewe kulikuwa na kazi ya kupima geti la zahanati, ile iliyo mbali nje ya mji, njia ya wazi isiyo na nyumba wala mti. Na msimu huu ni wa upepo, ule wa kukuvua kofia. Baba bado anakwenda na baiskeli yake nyeusi, ya chuma kitupu, keria imejaa vifaa. Mimi nikachukua yangu. Tulipotoka nyuma ya maghala upepo ukatupokea usoni, nikamwona anainama, magoti yametanuka, kikohozi kimeanza. Nikapita mbele.

Akapiga kelele kwamba namkimbia. Nikamwambia, "Baba, usibaki nyuma. Sogea, kaa karibu na gurudumu langu. Tazama kiuno changu, usitazame chini." Alinung'unika, lakini alisogea. Nikapunguza mwendo mpaka ukawa wake, nikanyoosha mgongo nijitanue, nikafanya kazi yangu. Sijawahi kumfanyia kinara wangu kazi safi kama ile. Kila palipokuwa na shimo nilimwonyesha kwa mkono. Upepo ulipokuja wa ubavuni nilihama kidogo ili abaki kivulini. Nyuma yangu nikasikia kikohozi kimekoma, kisha nikasikia mnyororo wake ukizunguka taratibu, bila kulalamika.

Tukaenda hivyo kipande kirefu. Halafu akasema, "Sogea pembeni."

Nikasogea. Upepo ukampiga wote kwa pamoja, usukani ukayumba, baiskeli karibu isimame. Alikanyaga mara tatu, nne, meno ameyauma.

"Rudi," akasema.

Nikarudi. Tukaenda hivyo hivyo mpaka zahanati. Tulipima geti, akaandika vipimo vyake ukutani kwa chaki kama kawaida yake, akabishana na mganga mkuu kuhusu rangi. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa mgongoni, akanipita huku akisema sasa sina kazi, nikae nyuma. Alikuwa anatabasamu, ingawa akisoma hapa atakana.

Nyumbani hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akavua viatu, akanifanyia ishara nikae. Nilidhani ataniuliza habari za mshahara au za mkataba. Akaniuliza, "Huyo bwana anayekaa nyuma yako. Akishinda, huwa anakushukuru?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba akivuka mstari, kabla ya kupiga picha, kabla ya kumkumbatia mkewe, husimama kando akingoja nifike, hata nikiwa wa sitini. Hunishika kichwa kwa mikono miwili na hasemi kitu kwa sababu hatuna lugha moja ya kutosha.

Baba akachukua viatu vyake, akavikung'uta. Nikaona machozi yanamlenga, akayasingizia vumbi. Kisha akasema, "Kama anakungoja, nenda."

Basi nimesaini, Shangazi, hapa hapa mezani, baba amesimama nyuma yangu. Miwani na glavu amempa fundi wake mkubwa. Narudi mwisho wa mwezi. Usiandae chochote ila ile nafasi ya baiskeli kwenye korido, na umwambie jirani wa ghorofa ya chini ajiandae kugombana nami tena kuhusu ngazi.

Mama anakusalimu sana, na anakuomba ule kitambaa cha pazia ulichomwahidi. Msambaza mikate anakusalimu pia, hakujui, lakini kila anayehusika na mimi sasa ni ndugu yake. Mpe salamu zangu binti yako, na wenzako wote wa chumba cha pasi. Mwenyezi Mungu akupe afya, alishushe hilo goti uvimbe, na akulipe kwa kunisimamia pale ambapo sikuwa na cha kuonyesha.

Na baba. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alizunguka chumba mara mbili, akasema nikuambie ile misimu mitatu mliyopatana isihesabiwe tena. Kisha akarudi kutoka mlangoni akaongeza: "Mwambie dada yangu, mtoto asimlete. Aje yeye."

Ni mimi nikupendaye daima,
Mpangaji wako wa chumba cha nyuma