Mwanafunzi Wangu Amerudi Kufundisha Kiingereza

Jumatatu, 11 Februari
Fetuao amerudi kisiwani kwetu Savaii, Samoa, kutoka Wellington, New Zealand, akiwa na digrii ya ufundishaji wa lugha. Mimi ndiye niliyemfundisha Kiingereza chake cha kwanza. Leo mkuu wetu wa shule, Tavita, kampa Kidato cha Pili. Darasa langu! Darasa la binti yangu Pepe. Mimi nimepewa wadogo. "Upumzike kidogo, Mwalimu Matalena," akaniambia. Nani kamwambia nimechoka?

Fetuao aliinama akipita mbele yangu, heshima zote. Ingekuwa nafuu angekuwa na kiburi.

Jumatano, 13 Februari
Nimepita dirishani kwake. Si kwa bahati.

Ubaoni — Kisamoa, kipindi cha Kiingereza. Sentensi yetu juu, ya Kiingereza chini. Anawauliza wanaona nini. Pepe akanyoosha mkono. Pepe, ambaye kwangu hafungui mdomo! Akasema kwetu kitendo hutangulia: "amekwenda mtoto". Kiingereza kinamtaka mtoto kwanza. Kumbe ndiyo maana tunakosea, akasema. Darasa zima likacheka.

Miaka yote kosa hilo nimelipigia mstari mwekundu. Sikuwahi kujiuliza linatoka wapi.

Ijumaa, 15 Februari
Pepe anakuna nazi huku akimsemesha mdogo wake Kiingereza. Sahihi kabisa. Nikamwambia akune kimya.

"Mama, Mwalimu Fetuao anasema tukikosea si ujinga, ni Kisamoa kinawahi mdomoni. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua. Sikujua.

Jumapili, 17 Februari
Baada ya ibada, chakula kwa mchungaji. Mkewe akauliza habari za shule. Nikamega gimbi, nikasema polepole: siku hizi Kidato cha Pili wanafundishwa Kisamoa kipindi cha Kiingereza. Basi. Neno la uongo halimo. Mama mchungaji akaacha kula — mjukuu wake yumo darasani humo.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Jioni sahani yangu nikampa Pepe.

Jumanne, 19 Februari
Habari imeenea kijiji kizima; wazazi wamejaa ukumbini mwa shule. Wanasema Kisamoa watoto wanakipata nyumbani bure. Bila Kiingereza, nani atawapa kazi Auckland? Mzee mmoja anataka Fetuao arudi alikotoka.

Yeye kasimama, mikono nyuma, vile vile alivyokuwa akisimama mbele yangu utotoni. Hakubishana. Alisema tu wamuulize Mwalimu Matalena: "Amekuwa akinitazama dirishani. Nikafurahi. Nikajua nikikosea ataniambia."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Tavita, Mungu ambariki, akasema kwanza watu wanywe kakao, kisha nitasema niliyoyaona.

Naandika darasani kwa wadogo. Fetuao kaniletea kikombe mwenyewe. "Mama, usiwaogope. Sema tu ulivyoona." Hajui habari ilianzia wapi. Au anajua? Usoni hapasomeki.

Nikimtetea, darasa ni lake moja kwa moja. Na binti yangu pia.

Tavita ananiita. Kutoka hapa namwona Pepe — ameshakaa mstari wa mbele, ananiwekea nafasi kando yake.