Siku Tulipoanza na Kijiji cha Mwisho

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Rusimbi, Ujiji, hatujambo; mama yako yuko Mwandiga anapalilia mihogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu! Kumbe sehemu kubwa ya dawa ya vinasaba mnayoitafiti huko maabara inanaswa kwenye ini kabla ya kufika kwenye misuli ya moyo, nawe unauliza sisi wauguzi tulifikishaje chanjo vijiji vya mbali.

Boti yetu ilikuwa ikisimama kila kijiji cha ziwani, na chanjo ikiisha kabla ya kufika kijiji cha mwisho. Safari moja nikamwambia nahodha, "Leo usisimame popote. Tunaanza na wa mwisho."

"Nesi, watu watatupigia kelele!"

"Wapige. Tutawapitia tukirudi."

Tulipofika, mama mmoja aliingia majini mbio, mtoto mgongoni. "Imebaki?" akauliza. Nikafungua sanduku, limejaa pomoni. Alinikumbatia hadi nikalowa!

Dawa ilikuwa ile ile, mjukuu wangu. Tulichobadili ni njia tu.

Sasa unasema mnatengeneza kibebeo cha dawa kitakacholipita ini bila kunaswa? Kikifika kwenye moyo, usiandike barua. Nipigie simu, Ujiji nzima isikie nikishangilia.

Bibi yako,
Mwajuma