Njuga Zako Ziko Kwenye Debe la Unga

Mwanangu,

Chakula kipo kwenye sufuria, ule kwanza. Asubuhi nilikwambia sijui njuga zako za miguuni zilipo. Nilizificha mimi. Haya mafunzo ya bure ya ngoma pale tamashani yamenitia hofu, maana mara ya mwisho pumu ilikubana katikati ya wimbo, ukabebwa kama gunia. Nilipokukumbusha hayo asubuhi ukanijibu, "Sasa mama, nikae tu kama mgonjwa?" Limenichoma hilo.

~~Usiende.~~ Nenda. Njuga ziko kwenye debe la unga, uzikung'ute. Dawa ya kuvuta ifunge kiunoni, usimpe mtu akushikie. Kifua kikianza kukoroma kaa chini, waache wacheke.

Nikitoka kazini nitapita, nitasimama nyuma kabisa. Ukiniona, usiache kucheza.

Mama yako mwoga